Yai hutangulia, damu hufuata: jibu kwa mama anayenyonyesha

Swali: "Shikamoo mama. Nina miaka 31. Mwanangu wa kwanza ana miezi minane, nilimzaa kwa upasuaji baada ya kukaa na uchungu siku nzima bila njia kufunguka. Nilirudi kazini akiwa na miezi mitatu. Mchana anakunywa maziwa ninayomkamulia, na siku hizi uji, jioni na usiku ananyonya. Tangu nijifungue sijaona siku zangu. Mama mkwe ananiambia nisiwe na hofu, asiyeona siku hashiki mimba, lakini hapohapo ananionya nisilale na mume wangu nitambemenda mtoto. Mume wangu anataka tumpatie mtoto mdogo wake mapema. Na mimi nataka, ila naogopa mshono. Je, naweza kushika mimba sasa hivi? Nisubiri mpaka lini? Na kukaa miezi minane bila kuona siku si ugonjwa?"

Marahaba, mwanangu, na hongera ya mtoto. Nitaanza na lile lisiloweza kungoja: ndiyo, unaweza kushika mimba sasa, hata wiki hii, kabla hujaona tone la damu. Na kwa kuwa hukuniambia kama mnatumia kinga yoyote, kabla hujasoma mengine yote panga kupita duka la dawa ununue kipimo cha mkojo. Pima asubuhi na mkojo wa kwanza. Kunyonyesha hakukivurugi kipimo hicho, kwa sababu kinatafuta homoni inayotokana na mimba, si ya maziwa. Kikionyesha huna mimba, na siku za karibuni mlikutana bila kinga, rudia baada ya wiki 3, maana mimba changa sana inaweza kujificha.

Sasa tuzungumze.

Nimekuwa mkunga miaka mingi, na kama kuna jambo moja ningependa kila mama alijue kabla hajatoka wodini na mtoto mkononi, ni hili: yai hutangulia, damu hufuata. Tumezoea kudhani damu ya mwezi ndiyo inayofungua mlango wa uzazi, kwamba mama akishaiona ndipo aanze kujihadhari. Mwili haufanyi hivyo. Yai hutoka kwanza, kimyakimya. Likikosa mbegu, utando wa ndani ya kizazi uliokuwa umeandaliwa unamomonyoka takriban wiki 2 baadaye, na hapo ndipo unaona siku zako. Likikutana na mbegu, damu haiji kabisa. Ndiyo maana mama anaweza kutoka kwenye mimba moja akaingia kwenye nyingine pasipo kuona hata siku moja katikati.

Namkumbuka mama mmoja aliyeleta mtoto wa miezi tisa kupata chanjo ya surua. Mtoto alipomaliza kulia, mama akaniomba faragha. Alisema tumbo lake halirudi. Alikuwa amekandwa maji ya moto, amefunga kanga tumboni arobaini nzima, na bado tumbo limesimama. Nikamlaza kitandani nikaweka mkono. Chini ya kiganja changu palikuwa na kitu mviringo, kigumu, kimefika usawa wa kitovu. Kizazi kikifika kitovuni, mimba ina takriban wiki 20. Nikamuuliza kama anahisi chochote. Akasema kwa wiki kadhaa anahisi gesi inacheza upande wa kushoto. Nikamwambia aweke mkono wake pale nilipoweka wangu, tukanyamaza wote wawili, na hiyo gesi ikampiga teke. Alikuwa ameshika mimba mwanawe akiwa na miezi mitano hivi, akiwa ananyonyesha, bila kuona siku hata mara moja. Alilia, mwanangu. Hakulia kwa kuwa hakumtaka mtoto. Alilia kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Je, mama mkwe wako amekudanganya? Hapana. Usimshindie maneno, kwa sababu anachokisema kilikuwa kweli kwa mwili wake na kwa maisha ya wakati wake. Mtoto akivuta chuchu, ujumbe unapanda ubongoni. Ubongo unaachia prolaktini, homoni ya maziwa, na wakati huohuo unapunguza zile homoni zinazoamsha mayai. Hivyo kinachoyalaza mayai ni ule mvuto wa mdomo wa mtoto, wa mara kwa mara, mchana na hasa usiku. Mwaka 1980 watafiti wawili, Melvin Konner na Carol Worthman, walichapisha walichokiona kwa akina mama wa jamii ya wawindaji huko jangwani Kalahari. Watoto wao walinyonya kwa muda mfupimfupi, mara kadhaa katika kila saa, na usiku walilala kifuani. Akina mama hao, bila kidonge wala sindano, walizaa kwa nafasi ya karibu miaka 4. Mama mkwe wako naye yawezekana alimbeba mwanawe mgongoni shambani, sokoni na kisimani, na kila alipolia akampa ziwa. Ndipo akakaa mwaka na nusu bila kuona siku wala mimba.

Wewe umerudi kazini. Hilo ndilo lililobadilisha hesabu.

Kunyonyesha kama njia ya uzazi wa mpango kuna masharti matatu, na wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 waliyaweka wazi. Mtoto awe hajatimiza miezi 6. Mama awe hajaona siku zake. Na mtoto awe ananyonya ziwa tu, mchana na usiku, pasipo uji wala maziwa mengine, na asikae zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku bila kunyonya. Yakitimia yote matatu pamoja, kinga inafika asilimia 98, sawa na njia nyingi za kituo cha afya. Likivunjika moja, kinga imeondoka, hata kama mengine mawili yamesimama.

Tazama yako. Siku ile uliporudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu, sharti la tatu lilianza kulegea, kwa sababu kukamua kwa mkono au kwa mashine hakuuamshi ubongo kama ulimi wa mtoto unavyouamsha. Alipofika miezi sita na uji ukaingia, masharti mawili yakawa yamevunjika. Limebaki moja tu, la kutoona siku, na hilo peke yake halikulindi. Mama asiyenyonyesha kabisa ndiyo usiseme, yai lake linaweza kutoka hata arobaini haijaisha.

Hapa naingiza neno ambalo hukuniuliza. Kwa kuwa umeajiriwa, sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 haikukupa zile siku 84 za likizo ya uzazi peke yake. Inakupa pia hadi saa 2 kwa siku za kwenda kunyonyesha. Akina mama wengi hawaziombi. Ziombe kama bado hujafanya hivyo, si kwa ajili ya kuzuia mimba, maana huko tumeshapita, bali kwa ajili ya huyo mtoto na maziwa yako.

Tuje kwenye mshono. Umesema unauogopa, na mimi sitakwambia usiuogope, bali uuheshimu. Mshono unaouona kwenye ngozi si ule unaonishughulisha. Ngozi hupona kwa wiki chache ukaanza kuinua ndoo. Mshono wa maana uko ndani, kwenye ukuta wa kizazi, na ule huponea taratibu, kwa miezi mingi, huku kovu likijijenga na kukomaa.

Niliwahi kusimama chumba cha upasuaji kumpokea mtoto wa pili wa mama aliyeshika mimba miezi mitano tu baada ya upasuaji wake wa kwanza. Daktari alipofika kwenye kizazi alisimamisha mkono, akaniita nisogee. Pale penye kovu nyama ilikuwa imekwisha, umebaki utando mwembamba kama mfuko wa nailoni, na nyuma yake zikionekana nywele za mtoto zikielea majini. Mama alikuwa hajaanza uchungu, na walitoka salama wote wawili. Lakini tangu siku hiyo, kila mama mwenye mshono akiniambia "mimba ikija ije", naziona zile nywele.

Hesabu yenyewe isikutishe kupita kiasi. Mama mwenye kovu moja la kulala, yaani lililokatwa kwa upana chini ya kizazi kama wengi wanavyokatwa siku hizi, akijaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, kovu huachia kwa takriban mama 1 kati ya 200. Ila nafasi kati ya uzazi na uzazi ikiwa chini ya miezi 18, hatari hiyo hupanda mara mbili hata tatu. Na kovu likiachia katikati ya uchungu, kinachotafutwa ni dakika, si saa: mama anavuja damu ndani, mtoto anakosa hewa. Ungeshika mimba mwezi huu, ungejifungua miezi kama 17 baada ya upasuaji wako. Uko ukingoni kabisa mwa hatari hiyo, ndiyo sababu nakusihi usiiachie bahati.

Nisubiri mpaka lini, umeuliza. Shirika la Afya Duniani, kutokana na mkutano wa wataalamu wa mwaka 2005, linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kuzaa hadi kushika mimba nyingine. Huo ndio ushauri wangu kwako. Toa miezi 8 iliyokwisha, imebaki 16. Mwanao atakuwa na miaka 2, na mdogo wake akizaliwa yeye atakaribia miaka 3: anatembea, anajisemea, anakula chakula cha nyumbani. Wewe utakuwa na miaka 32 au 33, umri mzuri bado. Ungekuwa na miaka 38 ningekujibu vingine, kwa sababu baada ya miaka 35 mayai hupungua kwa kasi. Hapo tungekaa na daktari tuone kama miezi 18 inatosha. Kwako hakuna haraka hiyo. Mume wako anasema "mapema", na pengine hajui kwamba mapema yako na mapema yake ni vitu viwili. Mwambie aje nawe kliniki. Nimeona mara nyingi mwanamume akielezwa habari ya kovu na mtu wa tatu, tena kwa mchoro kwenye karatasi, anarudi nyumbani yeye ndiye anayehesabu miezi.

Na sababu si kovu pekee. Mimba na kunyonyesha vimechota madini ya chuma, na damu yako inahitaji muda kujirudi. Mimba inayofuata haraka huelekea zaidi kuleta mtoto njiti au mwenye uzito mdogo. Nenda kapime wingi wa damu hata kama hujisikii mgonjwa. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 tunahesabu ana upungufu. Wengi wenu mnaorudi kazini mnakunywa chai asubuhi na mihogo, mkifika jioni mmekula nusu ya kinachotakiwa, halafu mnashangaa kizunguzungu.

Kuna jambo la sheria pia, linawagusa wengi bila wao kujua: likizo ile ya siku 84 yenye malipo imepangwa katika mzunguko wa miezi 36. Ukizaa tena kabla mzunguko haujaisha, unaweza kukuta huna likizo ya kulipwa. Muulize afisa utumishi wa kazini kwako mzunguko wako ulianza lini.

Sasa miezi hiyo 16 utaipitishaje? Usiipitishe kwa kuhesabu kalenda. Kalenda inahitaji siku zinazokuja kwa mpangilio, nawe huna hata moja ya kuanzia. Nenda kituo cha afya penye ile alama ya uzazi wa mpango, Nyota ya Kijani. Vya serikali hutoa huduma hii bure.

Kwa mama kama wewe, anayenyonyesha na anayejua kabisa kwamba mwakani au mwaka wa pili anataka mtoto, mimi huanza kumwonyesha kijiti au lupu. Kijiti huwekwa chini ya ngozi ya mkono kwa dakika chache kwa ganzi kidogo. Kuna cha miaka 3 na cha miaka 5, lakini si lazima uukamilishe muda huo, siku ukikitaka kitoke kinatoka, na mayai huamka ndani ya wiki chache. Kinaweza kukuletea matone ya damu yasiyo na mpangilio, nakwambia mapema usije ukadhani siku zako zimerudi au umeharibika. Lupu ya shaba haina homoni kabisa. Inawekwa kizazini, hata kwa aliyepasuliwa, na wiki 4 za kusubiri baada ya kujifungua wewe umeshazipita zamani. Siku zikirudi zinaweza kuwa nzito kuliko ulivyozoea, kwa hiyo kama damu yako ni pungufu tungeliangalia hilo kwanza. Viko pia vidonge vya wanaonyonyesha, vyenye homoni moja, na hivi vinadai nidhamu: saa ileile kila siku. Mama ambaye anasahau hata kula, simpi vidonge hivi.

Sindano nimeiacha kwa makusudi, nikueleze kwa kirefu kidogo, maana imesingiziwa mengi. Sindano ya miezi mitatu haiharibu kizazi wala haipunguzi maziwa. Ila inachelewa kutoka mwilini. Tangu sindano ya mwisho hadi mimba kuingia, kwa wastani hupita miezi 9 hadi 10, na wengine zaidi. Mama anayetaka kupumzika miaka 3 au 4 inamfaa sana. Mama mwenye hesabu ya miezi 16 anaweza kuiacha kwa wakati, akakaa mwaka mzima akisubiri, akaanza kulia kwamba amefungwa kizazi, na majirani wakamsaidia kuamini. Hajafungwa. Ni dawa inayomalizika polepole. Wewe tumia njia inayoondoka siku unayoiondoa.

Mkichagua kondomu, sikiliza hili kwa makini. Mama anayenyonyesha mara nyingi huwa mkavu, kwa sababu homoni ya estrojeni iko chini. Si kwamba humpendi mumeo, wala si ugonjwa, na hupungua unyonyeshaji ukipungua. Wengi hukimbilia mafuta ya nazi au ya mgando. Mafuta ya aina yoyote huulegeza mpira wa kondomu ukapasuka. Tafuta kilainishi cha maji duka la dawa. Na kama kondomu ikipasuka, au mlikutana bila kinga jana au juzi, P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, inafaa ndani ya saa 72, kadiri unavyowahi ndivyo bora, na haikukatazi kunyonyesha.

Kubemenda. Najua neno hili linavyouma, kwa sababu mtoto akichelewa kutambaa, akidhoofika, akiharisha, macho yote humgeukia mama, na wakati mwingine baba, kwamba wamefanya nini. Mwanangu, mbegu za mwanamume haziingii kwenye maziwa. Njia haipo. Maziwa hutengenezwa titini kutokana na damu yako, na tendo la ndoa haliyachachui wala hayampi mtoto kuhara. Kama wiki 6 zimepita, mshono umepona na wewe mwenyewe uko tayari, mko huru.

Lakini wazee hawakuzua jambo kutoka hewani. Waliona kitu cha kweli: mama akishika mimba mapema, yule aliyeko mgongoni hunyauka. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, aliandika kuhusu ugonjwa wa watoto waliovimba miguu na nywele kubadilika rangi, akauita kwa jina alilopewa na watu wa huko kwa lugha yao ya Kiga: ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapokuja. Ndiyo kwashakoo tunayoijua sote. Waga huko na wazee wetu huku, pasipo kujuana, waliona mtoto yuleyule. Kilichomdhoofisha ni kuachishwa ziwa ghafla akabaki na uji mtupu au ugali na mchuzi, hana mayai, hana samaki, hana maharage. Mama mkwe anapokukataza kulala na mumeo, anachokilinda ni ziwa la mjukuu wake. Mwambie hivyo. Mwambie umesikia, na kwamba utalilinda ziwa hilo kwa uzazi wa mpango. Nimeona mama wakwe wakielewana na neno hilo kuliko hotuba yoyote ya nesi.

Ikiwa kipimo kitaonyesha tayari una mimba, usimwachishe mtoto siku hiyohiyo. "Maziwa ya mimba" hayana sumu. Kwa kawaida mama mwenye afya huendelea kunyonyesha akiwa mjamzito, ingawa maziwa hupungua katikati ya mimba na ladha hubadilika, watoto wengine huyakataa wenyewe. Mtoto wako akiwa bado hajatimiza mwaka, kupungua huko lazima kuzibwe: ongeza yai, dagaa waliosagwa, maharage, parachichi, na muulize nesi kuhusu maziwa mengine. Nawe ule zaidi. Ukiona damu au maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, wahi hospitali na uulize kama uendelee kunyonyesha. Na kwa sababu ya mshono, anza kliniki mapema, upigwe utrasaundi ya mwanzo kuona mimba imekaa wapi, maana mara chache hukaa juu ya kovu lenyewe.

Swali lako la mwisho, la ugonjwa. Kwa mama anayenyonyesha usiku kucha, miezi 8 bila siku si ugonjwa. Wengine hufika mwaka, wengine hupita. Ningekuwa na wasiwasi kama ungeniambia ulivuja damu nyingi sana siku ya kujifungua na maziwa hayakutoka kabisa, maana hapo tezi ndogo chini ya ubongo inaweza kuwa imeumia. Au kama ulisafishwa kizazi baada ya kujifungua na tangu hapo unasikia maumivu ya kila mwezi pasipo damu kutoka. Au kama ungekuwa umeacha kunyonyesha miezi 3 iliyopita na siku hazijarudi. Homa na usaha wenye harufu baada ya kujifungua navyo visipuuzwe hata vikishapita, kwa sababu maambukizi yasiyotibiwa vizuri huziba mirija, na ndiyo moja ya sababu kubwa za akina mama waliozaa mmoja kukosa wa pili. Kama lolote kati ya haya lilikupata, mwambie daktari sasa, usingoje miezi 16.

Wakati ukifika, hutalazimika kumwachisha mtoto kwa nguvu ili ushike mimba. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 233, anataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani nalo linasema miaka 2 na kuendelea. Kwa mtoto wa miaka 2 anayenyonya mara mbili tatu kwa siku, siku za mama huwa zimerudi. Zisiporudi, punguza kunyonyesha kwa usiku kwanza. Miezi ya mwanzo siku zinaweza kuja kwa kurukaruka. Angalia ute: ukiwa mwingi, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi, yai liko karibu kutoka. Anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku hata kabla ya kutoa kijiti au lupu, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujengwa kabla mama hajajua ana mimba. Kisha jipeni mwaka mmoja wa kujaribu kabla ya kwenda kwa daktari, na mkienda, nendeni wote wawili. Aliyezaa nawe miaka miwili iliyopita naye hubadilika. Mbegu za leo zilianza kutengenezwa kama miezi miwili na nusu iliyopita, na homa kali, sigara na pombe huzifikia.

Kuhusu kuzaa kwa njia ya kawaida safari ijayo, sikuahidi na sikukatazi. Kati ya akina mama wenye kovu moja wanaokubaliwa kujaribu, 6 hadi 8 kati ya 10 hufaulu. Kwako wewe ambaye njia haikufunguka uwezekano uko chini kidogo ya hapo, bado upo. Lakini iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba, si zahanati, na daktari lazima ajue kizazi chako kilikatwaje. Mstari wa kwenye ngozi hauelezi hilo. Limeandikwa kwenye karatasi ya ruhusa uliyopewa ulipotoka hospitali. Kama imepotea, rudi uombe nakala mwezi huu, faili likiwa bado linapatikana.

Kwa hiyo ukienda kliniki, beba karatasi hiyo, kadi ya mtoto, na mume wako kama ataweza kuomba ruhusa. Jumatatu huwa na foleni ndefu karibu kila mahali, jaribu katikati ya wiki. Na ukishapima, niandikie majibu, yawe mstari mmoja au miwili.